Gurudumu la Nyuma Kushoto

Mkunjo niliouweka kwenye paipu ya breki ulikuwa na urefu wa kidole gumba. Niliuweka kwa mikono yangu mwenyewe huko Sindo, ufuoni mwa ziwa, jua likiwaka na samaki wakiwa wameshapakiwa. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa imeanza kuvuja. Mafuta ya breki yalikuwa yakichuruzika upande wa ndani wa tairi, na kila nilipokanyaga pedali ilizama mpaka sakafuni. Spea haikuwapo Sindo. Kilichokuwapo ni barafu iliyokuwa ikiyeyuka na samaki wetu, mbuta, walioanza kufifia macho. Nikafanya nilichomwona fundi mmoja wa Awendo akifanya: nililala chini ya gari, nikaukunja ule mrija mwembamba unaopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, nikaupiga nyundo mpaka ukazibika kabisa. Pedali ikarudi juu. Gari likabaki na breki tatu. Nikajiambia nitalitengeneza kesho.

Kesho hiyo ilichukua miezi mitano.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa Migori, mfanyabiashara wa samaki, mjane, Msabato asiyefungua biashara hata kwa mgonjwa Ijumaa jua likishatua. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria wa kule mpakani, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha kuokota njiani. Mimi niliacha shule darasa la saba. Karo ilikuwa shida, lakini nisiseme uongo, shida kubwa ilikuwa mimi. Sikuweza kukaa. Nilikata miwa Awendo, nikachimba dhahabu Macalder, nikavuta nyavu Mbita, na kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyofanyika, kisha miguu ikaanza kuwasha. Kwa huyu mama nilikuwa nimefikisha mwaka wa pili. Gari ndilo lililonishika. Gari lina kitu kingine chini ya kila kitu unachofungua.

Lilikuwa vani ya Kijapani, kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Kabla ya mama lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu ninaowajua. Wa kwanza aliuza mikate, na mistari ya kreti zake bado ilionekana ukutani kwa ndani. Wa pili alisafirisha maiti kuwarudisha kwao kuzikwa. Wa tatu alibeba kuku, na huyo ndiye aliyeliua zaidi, kwa maana mavi ya kuku yanakula chuma. Sisi tukaongezea maji ya samaki. Nilikuwa nimejifunza jambo hilo kwa kuchungulia magari ya watu na kuuliza maswali mpaka wakachoka nami: gari la samaki hufa kuanzia chini. Juu unaona rangi, chini ni biskuti.

Gari lilipovutwa kulia wakati wa breki, kwa sababu gurudumu la kushoto nyuma halikushika, mama aliniuliza mara moja tu.

"Mbona linakimbilia huko?"

"Barabara imeinama, Mama."

"Aa."

Aliniamini. Alikuwa na desturi mbaya ya kuamini watu waliokaa kwake zaidi ya mwaka. Nami nikajizoeza kushika usukani kidogo kushoto kila nilipopunguza mwendo, mpaka mikono ikafanya yenyewe. Nilikuwa naogopa kumwambia. Mwanzoni niliogopa kwa sababu jambo lilikuwa dogo na ningeonekana mzembe. Baadaye niliogopa kwa sababu lilikuwa limekaa muda mrefu na ningeonekana mwongo.

Ndipo ukaguzi ukafika. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na polisi wa kizuizi cha Rongo walikuwa wameanza kuangalia stika ya kioo cha mbele kabla hata ya kuangalia uso wa dereva. Yetu ilikuwa imeisha muda. Mkaguzi alikuja Homa Bay siku moja kwa mwezi, akasimama kwenye kiwanja cha murram, changarawe nyekundu ngumu, na magari ya pande zote za ziwa yalimfuata huko kama wagonjwa wanavyofuata daktari wa macho.

Wiki ile mama alikuwa na haraka mbili. Ya kwanza ilikuwa samaki. Ya pili ilikuwa safari ya Jumapili. Mwenzao mmoja wa kanisa aliyeolewa Sindo alikuwa amefiwa na mume, na akina mama wa kanisa la Migori walikuwa wamekubaliana kwenda kumpa pole, wote kwa gari la mama, na unga, na sukari, na masufuria. Wanawake kumi na mmoja. Njia ya Sindo ina mteremko mrefu wa kushukia ziwani, mawe madogo juu ya udongo mgumu, na mwisho wa mteremko kuna kona. Nilikuwa nimeushuka nikiwa na barafu tu, nikienda kuchukua samaki, polepole, gia ya kwanza, nikisali dini zote. Barafu haina uzito wa wanawake kumi na mmoja na masufuria yao. Na barafu haina watoto nyumbani.

Nilijiambia: ukaguzi utanisaidia. Mkaguzi ataona. Ataandika kwenye karatasi kwamba breki ni mbovu, mama atasoma, nami nitashangaa pamoja naye. Tutatengeneza kabla ya Jumapili, na hakuna atakayejua nani alikunja paipu. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote, kumwachia mtu mwingine aseme.

Alhamisi tulitoka Migori alfajiri, mama akiwa kiti cha mbele na mkoba mapajani. Tulifika Homa Bay mapema. Nilikuwa nageuza kuelekea kiwanjani aliponigusa bega.

"Shuka ziwani kwanza."

"Ziwani kufanya nini, Mama?"

"Kuosha. Gari haiwezi kwenda mbele ya mkubwa ikinuka mbuta."

Kila mtu wa huko alifanya hivyo. Walishusha gari mpaka majini, maji yakafika katikati ya magurudumu, na vijana wenye ndoo na matambara wakalizunguka wakisugua. Wengine waliosha gari hivyo kila wiki, pamoja na nguo, ng'ombe na wao wenyewe. Lakini siku ya ukaguzi ilikuwa kama sikukuu, na ufuo ulikuwa umejaa magari yamesimama majini kama ng'ombe wanaokunywa.

"Mama, breki zikiingia maji hazishiki."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Lainingi za ndani ya gurudumu zinalowa. Zinateleza."

"Wewe na maswali yako." Alicheka. "Ona magari yote hayo. Wote hao ni wajinga, wewe tu ndiye fundi?"

Kijana mmoja mwenye ndoo alikuwa ameshafika dirishani. "Mama, lete hilo jeneza tulifanye harusi!"

"Jeneza ni la baba yako," mama akamjibu, na wote wakacheka, na nikaingiza gari majini.

Nilisimama ufuoni nikitazama matope yakitoka. Matope yale yalikuwa yamefunika mkunjo wangu miezi mitano. Nilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Kama tope litatoka, mkaguzi ataona paipu iliyopigwa nyundo, na atajua kwamba hiyo si kutu, ni mkono wa mtu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mpango wangu ulihitaji breki iwe imeharibika yenyewe.

Kiwanjani tulikuwa wa tisa kwenye foleni. Nilimwacha mama garini nikaenda mbele kutazama, maana sijawahi kuona mtu anafungua kitu nikabaki nimekaa. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye viatu vya mpira na nyundo ndogo ya kugonga chesisi. Aligonga akisikiliza, kama mtu anayechagua nyungu sokoni. Lori la kwanza liliangushwa na breki ya mkono: walilisimamisha kwenye kijinuko, likarudi nyuma polepole, dereva akilifuata kwa miguu huku akilisihi. Pick-up ya pili, taa moja ilitazama barabara na nyingine ikatazama mbinguni. Ya tatu, usukani ulikuwa na mchezo wa robo duara.

"Hii unaendesha au unakisia?" mkaguzi akamuuliza dereva.

Ya nne ilikuwa na tairi mpya nne zinazong'aa. Mkaguzi aliinama, akapangusa moja kwa kidole, akaona mkwaruzo pembeni.

"Hizi tairi nazijua," akasema. "Zilikuja mwezi jana na gari ya bluu. Na mwezi wa juzi zilikuja na ambulensi. Habari zenu?"

Watu wakacheka mpaka dereva naye akacheka. Kuazimana tairi kwa siku ya ukaguzi ilikuwa ujirani tu. Hakuna aliyeuona kama wizi. Mtu alikupa tairi zake asubuhi na jioni ukamrudishia na soda. Mkaguzi aliandika alichoandika, na nikajiuliza karatasi hizo zote zilipima nini hasa. Zilipima gari lilivyokuwa kwa nusu saa, mbele ya mtu mmoja, likiwa limevaa nguo za kuazima.

Zamu yetu ikafika. Alikagua taa, honi, indiketa, mikanda. Akatikisa magurudumu. Kisha akajilaza kwenye gunia chini ya gari. Nilisikia nyundo: ko, ko, ko, ikitoka mbele kwenda nyuma, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Ilipokaribia gurudumu la nyuma, nilishika mlango. Ko. Ko. Ikapita. Alikuwa anasikiliza chuma kinene. Paipu nyembamba haisikiki kwa nyundo.

"Chini hapa mnafuga nini?" akasema akitoka. "Kuna kutu ya kutosha. Lakini inashikilia. Haya dereva, kimbiza mpaka pale kwenye bendera, ukifika kanyaga breki kwa nguvu zote."

Hii ndiyo njia waliyopima nayo breki siku hizo. Hakukuwa na mashine. Unakimbiza, unakanyaga, kisha mkaguzi anakuja kutazama alama kwenye murram. Magurudumu manne yanatakiwa kuacha mikwaruzo minne.

Nilikimbiza. Nilikanyaga. Nilipotoka nje, sikuhitaji kutazama lakini nilitazama. Mbele mikwaruzo miwili hafifu. Nyuma kulia mmoja. Nyuma kushoto alama za tairi zilizobiringika tu, nzuri, zimechapwa kama muhuri, bila mkwaruzo wowote.

Mkaguzi alisimama hapo kwa muda. Nilimwambia kimya kimya: sema. Kisha akaliangalia lile gurudumu, na maji ya ziwa yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye drami ya breki, tone, tone, yanafanya kidimbwi chekundu kwenye murram.

"Mmetoka ziwani?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Kila mwezi!" Alimgeukia mama aliyekuwa amekuja nyuma yetu na mkoba wake. "Kila mwezi nawaambia watu wa huku, msiniletee gari imelowa! Mnaosha gari kama mnaosha samaki wa omena! Breki ikinywa maji itashikaje?"

"Pole, baba," mama akasema. "Ni mimi. Kijana alikataa, nikamlazimisha."

"Unaona? Kijana ana akili kuliko wewe." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara hii mikwaruzo mitatu ilikuwa mirefu na myeusi, lainingi zilikuwa zimeanza kukauka. Wa nyuma kushoto, hakuna. Alikuna kidevu.

"Hilo ndilo lililokunywa zaidi," akasema. Aliangalia foleni nyuma yetu, magari kama ishirini, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kusimama. "Likikauka litashika. Mama, siku nyingine mtu akikwambia usioshe, usioshe."

Akaandika. Akasaini. Tukapita.

Sasa hapa ndipo nilipaswa kusema. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mdomo ulikuwa wazi, nakumbuka hivyo, kwa sababu vumbi liliingia. Lakini mama alikuwa ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili, anashukuru kwa Kijaluo, *ero kamano, ero kamano*, kwa Mungu au kwangu sikujua, na mkaguzi alikuwa ameshaanza kugonga gari lingine.

Njia nzima ya kurudi mama aliimba nyimbo za kanisani. Tulipopita kizuizi cha Rongo, polisi aliangalia stika akatupungia mkono. Nilikuwa nimeibandika mwenyewe ile stika kiooni, na sikuweza kuitazama bila kuona barabara nyuma yake.

Ijumaa nilidai naenda kununua mafuta ya breki. Nilizunguka maduka yote ya spea Migori nikitafuta silinda ya gurudumu. Ya vani ile haikuwapo. Mhindi mmoja aliniambia nijaribu Rongo. Nikadandia lori la miwa mpaka Rongo, nikapata duka, nikapata silinda, nikarudi mbio, nikajificha nyuma ya nyumba ya mama, nikatoa gurudumu, nikafungua drami. Silinda niliyonunua ilikuwa kubwa mno. Kwa upana wa ukucha tu. Niliigeuza huku na huku kama vile ingepungua kwa kutazamwa. Jua lilikuwa linatua. Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Funga kazi, kijana wangu. Sabato inaingia."

"Mama, nataka kukwambia kitu kuhusu gari."

Aliinua mkono. Hakuwa mkali, alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza wiki. "Ya gari ni ya kesho jioni. Leo gari imepumzika. Nawe pumzika."

Sabato kwake haikuwa tu kutofanya kazi. Habari ya biashara haikuongelewa kabisa, hata bei ya chumvi. Nilirudisha gurudumu, nikakaza nati, na Jumamosi yote nikakaa na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyeng'ata kipande cha ugali cha moto. Nilienda naye kanisani, jambo ambalo sikulifanya kila wiki. Akina mama wa safari walikuwa wamekaa benchi mbili za mbele. Niliwahesabu kwa mgongo. Mmoja alikuwa mjamzito. Mmoja alikuwa bibi mzee sana aliyeshikiliwa na wawili kila waliposimama kuimba. Nilijaribu kuwafikiria wamekaa nyuma ya vani, kwenye mabenchi, magoti yakigusana, na mteremko mbele.

Nilifikiria kukimbia. Niandike ukweli kwa sababu ni mimi ninayeandika. Ningeweza kuchukua mkoba wangu na kuvuka mpaka kuingia Tanzania kabla ya jua kutua, na asubuhi wangekuta hakuna dereva. Hilo nilikuwa nimelifanya mara nyingi kwa sababu ndogo zaidi. Lakini jirani mmoja pale alijua kuendesha, na mama angemwomba. Yeye asingejua kushika usukani kushoto.

Jua lilipotua Jumamosi nilikwenda. Ua ulikuwa umejaa. Akina mama walikuwa wameshaleta masufuria na magunia, wanapanga nani akae wapi, wanacheka. Nilimwita mama pembeni, na kabla sijasema akaniambia, "Mafuta umeweka?" na mtu akamwita kuhusu sukari, naye akaenda. Nilisimama hapo. Lazima niseme kwamba ningeweza kumfuata.

Asubuhi ya Jumapili walikuwa wameshapanda. Mabenchi yalikuwa yamejaa, bibi mzee amewekwa katikati kama yai, masufuria chini ya miguu. Mama alipanda mbele, akafunga mlango, akainamisha kichwa, akaomba safari njema. Wote wakasema amina.

"Washa gari," akasema.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Sikuuingiza.

"Mama, hili gari lina breki tatu."

"Nini?"

"Gurudumu la nyuma kushoto halina breki. Nilikunja paipu. Mimi. Tangu Sindo, ule mwezi wa mvua. Hayakuwa maji ya ziwa."

Nyuma kelele zikafa benchi moja baada ya nyingine. Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama stika.

"Lakini mkaguzi amepitisha."

"Alidhani ni maji. Uliliosha ndiyo akadhani hivyo. Nami nikanyamaza."

"Na barabara iliyoinama?"

"Haikuinama, Mama."

Sauti moja nyuma ikasema, "*Yawa!*" Nyingine ikauliza, "Anasema breki ngapi?"

"Tatu!"

"Kwani zinatakiwa ngapi?"

"Wakuria na nyundo," mmoja akasema. "Ukimpa saa ya mkononi ataipiga nyundo."

Bibi mzee alikuwa anataka kutafsiriwa. Walipomtafsiria alipiga goti lake kwa kiganja, akajibu kwa Kijaluo, nao wakanitafsiria mimi. "Mimi nilipelekwa kujifungua kwa mkokoteni wa ng'ombe," akasema. "Mkokoteni una breki ngapi? Twendeni, mwenzetu analia peke yake."

Wengine wakacheka, na nikaona hatari nyingine ambayo sikuitarajia: kwamba nimesema, na bado wangetaka kwenda. Yule mjamzito alisema, "Si amekuwa akiendesha hivyo miezi yote? Aendeshe tu polepole." Na mwingine, "Stika si iko?" Walikuwa wamejipanga kwa wiki nzima. Chakula kilikuwa kimepikwa.

Mama alishuka. Alizunguka nyuma ya gari na gauni lake la kanisani, la buluu lenye kola nyeupe, akapiga magoti, kisha akalala chali ardhini na kujisukuma chini ya gari kwa visigino. Sikuwahi kumwona hata akiinama kuangalia tairi. Nilijilaza upande wa pili.

"Wapi?"

Nilimwonyesha. Lile tope lilikuwa limekwisha, ziwa lilikuwa limelisafisha vizuri, na mkunjo ulionekana wazi, na alama za nyundo juu yake. Aliugusa kwa kidole. Akafuata paipu kwa kidole hicho hicho mpaka kwenye gurudumu, kama mtu anayesoma.

"Mafuta yanakuja hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Yanakwama hapa."

"Ndiyo, Mama."

Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. "Ulinibeba hivi," akasema. "Siku nililala garini tukitoka Mbita. Nililala usingizi mzito kabisa."

Alijisukuma nje, akasimama, mgongo wote wa gauni ukiwa na vumbi, akafungua mlango wa nyuma.

"Shukeni."

"Lakini mama..."

"Shukeni wote. Na nyanya ashuke. Tutapanda gari za abiria."

Walishuka wakinung'unika, wakishushiana masufuria. Kila mmoja aliyepita mbele yangu alikuwa na neno. Mmoja alisema Mungu akusamehe kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe bado hajaamua. Yule bibi mzee alinishika kidevu, akanitazama kwa karibu kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu, akasema kitu kwa Kijaluo kilichowafanya wenzake wacheke, na hakuna aliyenitafsiria. Mama alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Aliuweka kwenye mkoba, akaondoka nao mpaka Sindo. Nilibaki uani na gari nisiloweza kulisogeza.

Alirudi Jumatatu mchana. Alikuwa amepitia Kisii, nje kabisa ya njia yake, na kwenye mkoba, pamoja na ufunguo, kulikuwa na silinda iliyofungwa kwa gazeti na kipande cha paipu mpya. Alikuwa amekwenda na kipimo: alikuwa ameniona Ijumaa nikigeuzageuza ile kubwa na kunung'unika kwamba imezidi ukucha, na kabla ya kuondoka Jumapili alikuwa amepita akaiokota nilipoitupa, akamwambia mwenye duka, ndogo kuliko hii kwa ukucha. Alininyooshea vyote viwili. Hakusema nimesamehewa, na hakusema niende. Aliketi kwenye kigoda akanitazama nikifanya kazi mpaka mwisho. Mara mbili aliniuliza hiki ni nini, nikamwambia.

Nilipomaliza kutoa hewa kwenye breki alipanda mbele akanielekeza tutoke mjini, mpaka kipande cha murram kilichonyooka njia ya kwenda Macalder. Alishuka. Akasimama pembeni na mkoba wake.

"Kimbiza halafu ukanyage. Kama kule."

Nilifanya. Vumbi lilifunika kila kitu, na nilikaa garini nisithubutu kutoka, mikono kwenye usukani, nikigundua kwamba ilikuwa imeshika kushoto kwa mazoea na gari sasa lilikuwa limeelekea mtaroni. Kupitia kioo nilimwona akitembea polepole ndani ya vumbi akitazama chini. Alisimama kwenye alama ya kwanza akaikanyaga kwa kiatu. Akaenda ya pili. Akavuka, ya tatu. Kwenye ya nne alichuchumaa, akaigusa, akaangalia kidole.

Alikuja dirishani.

"Ziko nne," nikasema. Sikuuliza, lakini ilitoka kama swali.

"Rudia," akasema.

Nilirudia. Nilirudia mara sita siku hiyo, na wanawake waliopita na kuni waliuliza kama mama ananifundisha gari. Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya kwenda kuchukua samaki, tulipita kwanza kwenye kipande kile, na nilikanyaga, naye akashuka kwenda kuhesabu.

Stika ya mwaka mmoja ilikuwa bado nzuri kwa miezi kumi na moja na zaidi.